Mzee alichimba shimo, akamwaga maji, akakikataa kiwanja: alikuwa anapima nini?

Fundi mmoja wa Mtwapa ameniandikia hivi, nami nimefupisha kidogo tu:

"Mimi ni mwashi, na pia husaidia watu kutafuta viwanja. Nina wateja, familia ya Kihindu ya Mombasa, wanataka kujenga nyumba ya kukaa. Niliwapeleka kwenye kiwanja kizuri: hati safi, barabara ipo, mfereji uko karibu. Mzee wao akaomba jembe. Akachimba shimo la dhiraa moja kwenda chini, akaurudisha udongo ule ule. Haukujaza, ukapungua kama vidole vinne. Akautoa tena, akajaza maji mpaka juu, akatembea hatua mia akihesabu kwa sauti, akarudi. Maji yamekwisha. Akakitazama kichuguu kilichoko pembeni, akanishukuru, akapanda gari. Biashara ikafa. Je, huu ni uganga au ni ufundi? Na kama ni ufundi, mbona sisi hatukufundishwa?"

Fundi, ule ni ufundi. Unaitwa bhumi pariksha, mtihani wa ardhi, na ndio mlango wa elimu ya ujenzi ya Wahindu, Vastu Shastra. Nimeufanya kwa mikono yangu. Nilisomea usanifu majengo Gujarat, na mwaka wa pili mwalimu alitutoa darasani akatupeleka kwenye shamba la mtama nje ya mji, kila mmoja na jembe lake. Tulirudi jioni na malengelenge viganjani. Tangu siku ile sijamshauri mtu anunue ardhi ambayo sijaichimba.

Vipimo vyenyewe ni vya kale. Maandiko ya Ashvalayana kuhusu ibada za nyumbani, yaliyotungwa kabla ya Kristo, yanasema uchimbe shimo la kina cha goti, kisha uurudishe udongo wake: ukizidi, ardhi ni bora, ukilingana, ni ya wastani, ukipungua, iache. Jua likishazama, ulijaze shimo maji ukalale. Asubuhi ukikuta maji, ardhi ni bora. Ukikuta unyevu, ni ya wastani. Ukikuta pakavu, iache. Karne nyingi baadaye Varahamihira, mnajimu wa Ujjain wa karne ya 6, aliandika katika Brihat Samhita namna fupi zaidi, na hiyo ndiyo aliyoifuata mzee wako: shimo la dhiraa moja, maji, hatua mia, kurudi. Hata kipimo chao ni kama chetu. Hasta yao ni vidole 24, shubiri mbili, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati.

Sasa kwa nini udongo uzidi au upungue? Wewe mwashi jibu unalo. Ukichimba msingi kwenye ardhi iliyoshikana, udongo haurudi wote shimoni. Unabaki na kilima pembeni na unatafuta mkokoteni wa kukiondoa. Jembe limeuvunja ukavimba, umeingiwa na hewa. Ardhi iliyolegea, yenye mizizi iliyooza, njia za mchwa au kifusi cha zamani, tayari ilikuwa na uwazi ndani yake. Ukiutoa udongo wake na kuurudisha, unajipanga vizuri zaidi kuliko ulivyokuwa, na shimo halijai. Kwa hiyo mzee alikuwa anauliza swali moja: ardhi hii imeshikana kiasi gani? Wahandisi wa leo wanauliza swali hilo hilo kwa mizani na tanuri la maabara.

Upungufu wa vidole vinne katika shimo la vidole 24 ni sehemu moja kati ya sita. Si mdogo. Kama udongo haukumwagika nje wakati wa kuchimba na hakuna aliyeukanyaga alipokuwa akiurudisha, basi juu pale pamelegea, na mzee alikuwa na haki ya kusita.

Kwenye maji ndipo ninapotofautiana naye. Maeneo yenu ni mchanga juu ya tumbawe. Kwenye mchanga maji hayakai hatua mia, pengine hayakai hata hamsini, na hilo peke yake halimaanishi kwamba nyumba itaanguka. Mchanga ulioshikana na kuzuiwa usitoroke pembeni hubeba nyumba vizuri tu. Kipimo cha maji kilitungwa na watu ambao nyumba kwao ilikuja pamoja na kisima, zizi na bustani. Ardhi isiyoshika maji ilikuwa njaa kabla haijawa ufa ukutani. Kwenu kina maana nyingine, na inafaa uichukulie kwa uzito: chini ya mchanga, tumbawe huwa na mapango. Maji yanayotoweka kwa kasi katika sehemu moja ya kiwanja, huku sehemu nyingine yakichukua muda, yanakuonyesha pa kuchimba zaidi. Na mahali maji ya ndoo yanapopita upesi ndipo na maji ya choo yatakapopita upesi kwenda kwenye kisima cha jirani.

Halafu kuna mtego wa upande wa pili, na huu ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Fikiria udongo mweusi wa pamba, ule wa Athi River na Syokimau. Chimba shimo la mzee pale wakati wa mvua, jaza maji, nenda hatua mia, rudi. Maji yapo. Rudi asubuhi, bado yapo. Kwa kipimo cha Ashvalayana hiyo ni ardhi bora. Kwa fundi aliyejenga huko, ndio udongo unaovimba mvua ikinyesha, unaosinyaa jua likiwaka, na unaozipasua kuta kwa mshazari kutoka pembe za madirisha. India yenyewe inao kwa wingi katika uwanda wa Deccan. Wanauita regur, nao umetokana na miamba ya volkano kama wa kwenu. Wazee wa Vastu hawakuwa vipofu kwa jambo hili. Katika orodha yao ya ardhi za kuepukwa imo ardhi iliyopasuka, pamoja na yenye chumvi, yenye vichuguu na yenye mifupa ndani. Tembea kwenye udongo ule mweusi mwezi wa pili kabla ya masika, utaona nyufa zinazomeza kiganja. Ndiyo maana kipimo cha maji hakitoshi bila jicho la kiangazi. Anayekishika kimoja na kukiacha kingine amechukua nusu ya elimu, na nusu hiyo inaweza kumfilisi.

Kichuguu nacho kina mambo. Mzee alikitazama akaondoka, na maandiko yako upande wake: ardhi yenye kichuguu haijengewi. Sababu huhitaji kuelezwa. Mchwa anakula kenchi, milango, hata makaratasi ya hati sandukuni, na chini ya kile kilima kuna vyumba na njia zinazofika mbali. Lakini Varahamihira huyo huyo, katika sura ya kutafuta maji chini ya ardhi, anakitumia kichuguu kama dalili njema. Anasema ukiona mzambarau na upande wake wa mashariki pana kichuguu, basi dhiraa tatu kusini mwa mti yapo maji matamu, kwenye kina cha watu wawili. Mzambarau, Fundi! Mti ule ule uliotoka kwao ukazoea pwani yetu hadi watoto wakadhani ni wetu tangu Nuhu. Mchwa anahitaji unyevu ili kuishi, hivyo kichuguu kikubwa kilicho hai kiangazi chote kina habari za maji ya chini. Alama moja ikawa onyo kwa mwenye nyumba na bishara njema kwa mchimba kisima. Napenda sana mahali hapa katika kitabu kile, kwa sababu panaonyesha mtu aliyeitazama ardhi kwa miaka mingi.

Kuhusu mifupa, nikueleze nilichokiona. Niliitwa kutazama nyumba iliyokuwa na miaka minne tu, pembe ya jiko imezama kiasi cha kupitisha mkono kati ya sakafu na ukuta. Aliyeiuza ardhi ile alisema haijawahi kuguswa. Tulichimba nje ya pembe ile. Shubiri tatu za kwanza zilikuwa udongo mwekundu safi, mzuri wa macho. Chini yake likaja jivu, kisha makaa, vipande vya chupa, pumba za mpunga zilizogeuka nyeusi, taya la ng'ombe likiwa na meno yake. Lilikuwa jaa la zamani lililofunikwa. Nilisimama pale nikakumbuka neno shalya. Katika Vastu shalya ni kitu kigeni kilichozikwa ardhini, na vitabu vinavitaja kwa majina: mifupa, nywele, makaa, jivu, pumba. Vinaagiza uchimbe mpaka kimo cha mtu, au mpaka ufikie maji au mwamba, uviondoe vyote, ndipo ujaze upya kwa udongo safi. Wao wanasema shalya huleta maradhi na msiba kwa wenye nyumba. Mimi nasema takataka zikioza chini ya msingi zinaacha uwazi. Mwenye nyumba ile alikuwa analipa gharama kwa maelezo yoyote kati ya hayo mawili.

Kuna kipimo cha mbegu ambacho mzee hakukifanya, na ningependa ukijaribu: lima kipande kidogo, panda mbegu, subiri. Matsya Purana, kitabu kingine cha kale cha Kihindu, inasema zikichipua kwa usiku tatu ardhi ni bora, tano ya wastani, saba duni. Hakikuambii chochote juu ya uzito wa ukuta, ila kinakuambia kama mke wa mteja atapata mchicha nyuma ya jiko, na chumvi ya baharini ikiwemo udongoni mbegu zitakuwa za kwanza kukwambia.

Ziko pia hukumu za rangi, harufu na ladha: udongo mweupe kwa Brahmana, yaani makuhani, mwekundu kwa Kshatriya, yaani wapiganaji, wa manjano au mweusi kwa wengine, kila tabaka na wake. Hili ninaliacha, tena bila kusitasita. Udongo haujui ukoo wa mtu. Na Varahamihira mwenyewe, baada ya kuzipanga rangi zote, anasema mahali ambapo moyo wa mtu unatulia ndipo panapomfaa. Mahali pengine anaisifu ardhi yenye majani mazuri, laini, iliyo sawa, ambayo hata msafiri aliyechoka akikaa kidogo uchovu unamtoka. Sembuse mwenye kujenga hapo. Hicho nacho ni kipimo. Kaa chini dakika kumi kwenye kiwanja unachotaka kuuza, mchana, bila simu. Utasikia mashine ya kusaga, utanusa mtaro, utajua upepo unatoka wapi.

Tukifika kwenye pande za dunia, itabidi uwe mwangalifu na mteja wako, maana hapa ibada na hali ya hewa zimesukwa ukili mmoja. Ardhi inayopendwa ni ile iliyoinuka kusini-magharibi na kuteremka kuelekea kaskazini au mashariki, maji ya mvua yakitoka upande huo. Kila upande una mlinzi wake: Indra mashariki, Yama kusini, Varuna magharibi, Kubera kaskazini. Katikati pa kiwanja ni pa Brahma, mungu muumbaji, na panaachwa wazi. Juu ya kiwanja chote amelala Vastu Purusha, roho ya kiwanja yenye umbo la mtu, kichwa kaskazini-mashariki, miguu kusini-magharibi, akiwa ndani ya mraba uliogawanywa visanduku 64 au 81. Kwa anayeamini, kukipa kichwa chake mzigo wa tangi la zege au choo ni kosa zito.

Ukiyatazama hayo ukiwa Delhi au Jaipur, hali ya hewa inayaunga mkono. Huko jua la adhuhuri halivuki kamwe kwenda kaskazini. Mwaka mzima linachoma kuta za kusini na magharibi, kwa hiyo upande huo unawekewa kuta nene, ghala na miti, na upande wa kaskazini-mashariki unafunguliwa upate jua la asubuhi lisilounguza. Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta. Kwenu, tangu mwezi wa tatu hadi mwanzo wa mwezi wa kumi, jua la adhuhuri liko kaskazini. Ule ukuta ambao kule ni wa kivuli, hapa unawaka zaidi ya nusu ya mwaka. Upepo nao ni hivyo hivyo. Vastu huweka jiko pembe ya kusini-mashariki, pembe ya Agni, moto. Kusi ya kwetu huvuma kutoka pande hizo, na jiko la kuni pembeni pale litauingiza moshi wake vyumbani. Usimwambie mzee kwamba amekosea pande. Kwake kaskazini-mashariki ni kichwa, na ikweta haibadilishi kichwa cha mtu. Mpe anachotaka, kisha refusha paa upande wa kaskazini, mjengee baraza yenye kivuli, na hilo jiko uliwekee ukuta wa kulikinga na kusi na dohani inayopita paa.

Wala usidhani mabingwa wao walikuwa wagumu kiasi cha kuipinga ardhi. Mji wa Jaipur ulianzishwa mwaka 1727 chini ya Sawai Jai Singh II, ukachorwa kwa mraba wa visanduku tisa, mpango wa Vastu kabisa. Upande wa kaskazini-magharibi pana vilima. Kisanduku cha huko hakikuwezekana. Wakakihamishia upande wa mashariki, mraba ukapoteza umbo lake, na mji ukajengwa. Nakumbuka nikisimama juu ya ngome ya Nahargarh nikiitafuta ile pembe iliyokosekana. Ardhi ilipokataa, mchoro ulisogea.

Kama mzee atataka kujua pande kwa njia ya kwao, jifunze hii, itakusaidia hata kwa wateja wengine. Simamisha kijiti kilichonyooka, vidole 12, mahali palipo sawa. Kizungushie duara kwa kamba. Asubuhi kivuli ni kirefu, kinapita nje ya duara. Kadiri jua linavyopanda kinafupika. Ncha yake inapogusa duara upande wa magharibi, weka jiwe. Alasiri kinarefuka tena upande wa pili. Kinapogusa duara, weka jiwe lingine. Vuta uzi kati ya mawe hayo mawili. Huo ndio mstari wa magharibi na mashariki, na hautapotoshwa na mabati wala nondo kama dira ya simu yako.

Liko jambo ambalo shimo la mzee halilijui kabisa. Wengi wa Wahindu wa Afrika Mashariki asili yao ni Kutch na Kathiawar, Gujarat, na asubuhi ya tarehe 26 Januari 2001 tetemeko liliipiga Kutch, likaua maelfu ya watu. Udongo uliozidi shimoni haukuwaokoa waliokuwa ndani ya kuta za mawe zisizofungwa. Ardhi njema haiondoi haja ya ringi bimu na nondo za pembeni. Mzee akisema kiwanja kimefaulu kwa hiyo tupunguze chuma, hapo ukatae, kwa adabu lakini ukatae.

Kwa kiwanja kijacho, nenda peke yako kwanza. Chimba mashimo matatu ya dhiraa, moja katikati na mawili kwenye pembe zinazotazamana, ufanye kipimo cha udongo na cha maji katika kila moja. Kisha chimba shimo moja linalokufika kifuani, utazame ukuta wake: rangi zinabadilika wapi, kuna jivu, kuna mizizi, kuna njia za mchwa. Waulize majirani kisima kiko futi ngapi na kiangazi kinakauka lini. Kukiwa na kichuguu, kichimbe mpaka umtoe malkia, uvijaze vyumba vyake kwa udongo ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka, na usimfiche mteja kwamba kilikuwapo. Kama nyumba ni ya ghorofa, peleka udongo maabara. Hakuna shimo la jembe litakalochukua nafasi hiyo.

Kiwanja kikikubaliwa, utaona ibada ya kuanza kuchimba, ambayo familia za Kigujarati huiita khat muhurat. Padri wao atachagua saa, kama wazee wetu wa falaki wanavyochagua. Mara nyingi huanzia pembe ya kaskazini-mashariki. Watashusha shimoni chungu cha maji, popoo, manjano, nazi, sarafu, pengine na nyoka wadogo wa fedha. Waache vijana wako wakae kando, wavue viatu wakiombwa, na zege la pembe ile lisimwagwe mpaka mwenye nyumba akuambie.

Ukimpeleka mzee tena, mpeleke asubuhi mapema, jembe likiwa tayari, na umwachie yeye achimbe. Wewe angalia tu udongo usimwagike. Shimo likijaa, niandikie uliozidi ulikuwa vidole vingapi.